Mti wa Kaburi la Mama

Juba Na Bari,
14 Januari 2024

Kaka Loro,

Sikuulizi hali, maana barua yangu ya Krismasi ilikuuliza na hukujibu. Lubega ameniambia aliikabidhi mkononi mwako alipopita Kitale na lori lake, na kwamba ulimpa chai na mkate. Kwa hiyo u mzima, na mkate unao. Mimi pia ni mzima.

Nakuandikia kwa sababu ya mti, ule mkubwa wa mama. Kuna tawi upande wa nyumba, nene kuliko kiuno changu, na kiuno changu siku hizi si cha kuchezewa. Kila mwaka linashuka kidogo, na sasa limelala juu ya bati. Mvua za mwisho za Novemba upepo ulilivuta huku na huku mpaka misumari ya paa ikaanza kulia. Nilichukua mwavuli nikatoka nje, nikakaa kando ya kaburi mpaka upepo ulipotulia. Nilijiambia kama nyumba itaanguka, afadhali inikute nje na mama.

Mvua zinarudi Aprili. Nimeleta wanaume wawili wa mtaa wa Sherikat wenye msumeno wa injini. Waliuzunguka mti mara moja, wakasema hakuna haja ya kuhangaika na tawi, wataukata wote kutoka chini na wachukue mbao. Nikawaonyesha mlango.

Wewe umekata matawi ya miti ya shule na mashamba ya watu kwa miaka ishirini, mpaka kelele ya msumeno ikakuziba masikio. Mti wa mama yako mzazi hujawahi kuutia mkono. Njoo, kaka. Tangu mume wangu Gai aende Bor kuwatafuta ndugu zake na asirudi, huu ni mwaka wa nane, na katika hosh yote hii, nyumba na ua wake, tuko mimi, mti na mama. Jumapili nikitoka kanisani nafagia kaburi, halafu nakaa pale na kumpa habari za wiki: nani kaolewa, nani kazikwa, meneja wa ile gesti ya Amarat ninakofua mashuka kasema upuuzi gani. Majirani wanasema Teresina anaongea na mti. Waache waseme.

Nilikuja hapa mwaka 2011 na kikaratasi chako mfukoni: toka kanisani, elekea mtoni, utaona mti mkubwa, kaburi liko chini yake upande jua linakochomoza. Nilikuwa na miaka minne tulipokimbia vita, sikukumbuka hata ukuta mmoja. Nilifuata maneno yako nikakuta magugu ya kufika kifuani, na mti, na kaburi. Nikapiga magoti papo hapo. Wewe ndiye uliyenirudisha nyumbani na wewe mwenyewe hujafika. Mwacha asili ni mtumwa, kaka. Sikutukani, ni msemo tu.

Nakungoja kabla ya Aprili.

Dada yako,
Teresina


Kitale,
3 Februari 2024

Teresina mdogo wangu,

Barua imefika, na maneno yake yamefika pia. Ile ya Krismasi nilikusudia kuijibu, nikaahirisha siku moja, na jambo ukishaliahirisha linakuwa zito. Nisamehe. Simu unajua hainifai, sisikii kitu, na yale maandishi ya kwenye kioo ni madogo kama chawa. Karatasi naweza kuikalia nikaisoma hata mara nne. Hii yako nimeisoma mara tano.

Kuja siwezi kuahidi. Nina mikaratusi arobaini ya kupunguza kando ya bweni la shule moja hapa, lakini sitakudanganya kwamba ni kazi tu. Siku ile ya mwaka 1992 baba hakupata mtu wa kumsaidia, watu wote walikuwa wanafunga mizigo. Kaburi la mama tulilichimba sisi wawili, mimi na yeye, na nilikuwa na miaka kumi na tatu. Siku tatu baadaye nikakubeba mgongoni tukaondoka. Kuna mahali mtu anapapenda na hataki kupaona. Unielewe, au usinielewe.

Ila tawi tutalishughulikia. Hao wa Sherikat wasiuguse hata kuuegemea. Kinachonishangaza ni kwamba mkwaju si mti wa kushusha matawi hovyo. Mbao yake ni ngumu, inavunja meno ya msumeno. Nilikuwa napanda mpaka juu kabisa kutikisa matunda, mama akiwa chini na ungo, na hakuna tawi lililowahi kuinama chini yangu. Kama linashuka basi kuna ugonjwa ndani, kuvu au mchwa. Nitumie jani zima pamoja na kijiti chake, na kipande cha gome cha kiasi cha kiganja, na tunda ukiliona, hata lililooza. Usivioshe. Usinipigie picha. Nataka kunusa na kutafuna, ndivyo ninavyofanya kazi yangu.

Mpe Lubega, mwambie asiweke karibu na dizeli.

Kaka yako,
Loro


Juba Na Bari,
20 Februari 2024

Kaka Loro,

Nimecheka mpaka jirani akachungulia. Mkwaju gani? Miaka kumi na tatu nakaa chini ya mti huu na hujawahi kuniangushia hata kokwa moja la mkwaju. Uzee umekuingia kabla ya wakati wake, au ni ule moshi wa msumeno. Hapa watu wanauita mahogani, ingawa hapa kila mti wenye mbao unaitwa mahogani.

Haya, vitu vyako hivi hapa. Jani na kijiti chake: uone lilivyo pana, majani ya mkwaju ni vumbi tupu, hata mimi wa kufua mashuka najua. Gome nimelibandua upande wa nyuma ili mama asione. Ni chungu, majirani wanakuja kuomba wachemshe kwa ajili ya homa, na mimi nawapa. Tunda ni hili gumu la mviringo, likikauka linapasuka vipande vinne na mbegu zake zinapeperuka. Nafagia hizo kila Jumapili.

Mti wako wa utotoni, na umeusahau. Nilimwambia mama Jumapili. Nilimwambia, mwanao wa kwanza anadhani alikuwa anapanda mkwaju. Naamini naye alicheka.

Umenielezea habari ya kaburi. Sikujua mlikuwa wawili tu. Baba hakuwahi kuisema mpaka anakufa. Sitakusukuma tena kuja, nitasukuma kidogo tu. Kwa sasa niambie tawi likatweje, nitatafuta mtu wa kupanda na nitasimama chini nikimsomea barua yako.

Dada yako,
Teresina


Kitale,
29 Machi 2024

Teresina,

Samahani kwa kuchelewa. Lubega alipita mara mbili nikamwambia barua haijawa tayari.

Ni mkangazi. Watu wako wamesema kweli, ni jamaa ya mahogani, na ni mti mzuri. Gome lina afya, hakuna kuvu. Tawi linashuka kwa uzito wake tu. Kuhusu mkwaju, itakuwa nimechanganya. Kichwa cha mtoto kinachanganya mambo.

Sasa sikiliza, na umsomee huyo mtu polepole. Tawi nene halikatwi mara moja, hukatwa mara tatu. Kwanza lifungwe kamba, na kamba ipite juu ya tawi jingine lenye nguvu, watu wawili wazuie chini. Mkato wa kwanza uanzie chini ya tawi, urefu wa mkono kutoka kwenye shina, uingie theluthi tu. Wa pili uwe juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza, mpaka tawi livunjike lenyewe na kushuka na kamba. Akianza na wa juu peke yake, tawi litaanguka na kuchuna gome la shina hadi chini, na hicho kidonda hakiponi. Mkato wa tatu ni wa kuondoa kile kipande kilichobaki. Pale tawi linapoungana na shina kuna shingo iliyovimba kidogo. Akate nje ya shingo, asiiguse. Mti unafunga jeraha kwa kutumia shingo hiyo. Asipake rangi, asipake lami, asipake kitu. Na asikate kilele hata akikuahidi mbinguni.

Nina maswali machache. Ulipofika 2011, kaburi lilikuwa na msalaba? Ulikuwa na jina? Kutoka hapo kuelekea mtoni, kuna mti mwingine mkubwa? Kaburi liko hatua ngapi kutoka kwenye shina? Ni mambo ya mizizi tu, nataka kujua.

Jitunze. Usikae nje kwenye upepo.

Loro


Juba Na Bari,
21 Aprili 2024

Kaka,

Msalaba ulikuwepo, umeliwa na mchwa, jina halikusomeka. Hatua sita. Kuelekea mtoni kuna mabati ya watu na kuta, sijui nyuma yake kuna nini, sijawahi kuwa na shida huko. Umeridhika na mizizi yako?

Maana mimi nina shida nyingine. Tawi liko palepale, na zaidi ya hilo nimepata mgeni.

Jumamosi iliyopita alikuja mwanamke anaitwa Lilly, wa umri wako hivi, na begi moja la mgongoni. Ametoka Adjumani, Uganda, alikokuwa tangu vita. Hakunisalimu kwanza. Alipita mlangoni akaenda moja kwa moja kwenye mti, akaweka kiganja juu ya gome, akasimama hivyo muda mrefu mpaka nikadhani ni mgonjwa. Nikamletea kiti na maji. Akanywa, akasema kwa Kiswahili chao cha Uganda, "Mama, mimi hapana kuja kupigana. Hii mti baba yangu Lomoro alipanda. Mama yangu iko hapa chini."

Nilimnyang'anya kikombe. Sijivunii, lakini ndivyo nilivyofanya. Nilimwambia mama aliye hapo chini ni wangu, kwamba kaka yangu alimchimbia kwa mikono yake, na kwamba wanyang'anyi wa viwanja nimewaona wengi ila huyu ni wa kwanza kunijia na machozi. Alichukua begi lake. Aliondoka, na Jumatatu akaenda kwa sultani, mkuu wa mtaa, kushtaki.

Sultani alinisajili mwenyewe mwaka ule nilipofika, lakini anasema hakuwa mwenyeji hapa siku za vita na hakuna kati yetu mwenye karatasi ya zamani. Atasikiliza tarehe 18 Mei. Lilly ameeleza mti: mkangazi, umepandwa na baba yake, kaburi upande wa mashariki. Mimi nimeeleza vilevile. Sultani akasema basi ataamua kwa neno la shahidi aliyeishi hapa kabla ya vita. Nikamwambia shahidi ninaye. Yuko Kitale, hasikii, lakini anaandika. Amekubali. Utaratibu wao ni kwamba shahidi wa mbali huandika mti wa hosh ulikuwa gani na kaburi la nani, anaweka dole gumba, bahasha inafungwa, na inafunguliwa mbele ya watu wote.

Kwa hiyo andika, kaka. Si kazi kubwa. Ulishaniandikia mwenyewe kwamba ni mkangazi. Andika tena hivyohivyo na uweke dole lako. Sina mume hapa, sina mtoto, sina baba. Nina hosh hii na kaburi hili, na watu wakiniuliza mimi ni nani Juba, ninaonyesha kidole hapo. Bila hapo mimi ni mfua mashuka wa Amarat tu, ambaye hata kilio chake hakina mahali pa kukalia.

Lubega anaondoka leo, atarudi kabla ya kesi. Usicheleweshe hata siku moja.

Teresina


Kitale,
4 Mei 2024

Mdogo wangu Teresina,

Hii isome peke yako, ukiwa umekaa.

Lubega atakupa bahasha mbili. Hii ni yako. Ile nyingine iliyofungwa, yenye dole gumba nyuma, ni ya sultani. Humo nimeandika kwamba mti wa hosh ya baba yetu Lako ulikuwa mkwaju.

Sikusahau. Mtu akishakaa juu ya mti miaka yote ya utoto wake hausahau, na mimi kazi yangu ni miti. Nilipofungua jani lako la kwanza nilijua kabla sijalinusa. Nilikaa nalo kwenye benchi mpaka mwenye duka la jirani akaja kunigusa bega kuuliza kama nimefiwa. Nilikuandikia nimechanganya. Huo ulikuwa uongo, na nilichukua wiki tatu kuutunga. Kila nilipoanza kukuambia ukweli nilikuona umekaa pale Jumapili na ufagio wako.

Kosa si lako, ni langu. Mwaka ule ulipoondoka niliandika "mti mkubwa" kwenye kile kikaratasi kwa sababu kwangu haukuwepo mwingine. Sikufikiria kwamba hosh nyingine ingekuwa na mti mkubwa na kaburi upande uleule, wakati kila nyumba pale ilizika watu wake uani na kila nyumba ilikuwa na kivuli. Nilikutuma kwa maneno matatu kuvuka nchi mbili. Ungekuwa na kaka mwenye akili angekuja na wewe, angekushika mkono, angekuambia si hapa, ni mbele kidogo. Niliogopa kaburi, ukaenda peke yako. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Kwetu ni karibu zaidi na mto. Ukitoka kwa huyo mama Lilly unakwenda mpaka ardhi inapoanza kuteremka, kushoto. Kama mkwaju haukukatwa utauona.

Sasa sikia. Sikuweza kuweka dole langu kwenye uongo mbele ya wazee, mama wa mwenzako akiwa chini ya udongo anasikiliza. Lakini pia sikuweza kukunyima uamuzi. Wewe ndiye unayekaa hapo, si mimi. Bahasha ya sultani iko mkononi mwako. Ukiichoma na kusema lori liliharibika njiani, mimi sitaandika nyingine na sitakuja kukupinga. Nitakaa kimya mpaka nife, na kimya nimekizoea.

Ukinichukia utakuwa na haki.

Kaka yako,
Loro


Juba,
9 Juni 2024

Kaka Loro,

Nilikuchukia. Siku tisa, nimezihesabu, na kama Lubega angepita katikati yake ungepata barua ambayo ungeijutia hata kuipokea. Si kwa ajili ya kikaratasi. Mtu yeyote angeandika vile. Ni kwa ajili ya miezi yote hii uliyojua, na mimi nikamnyang'anya mwanamke kikombe cha maji kwenye kaburi la mama yake. Ungeniambia Machi, Aprili ningempokea kwa heshima.

Sasa nimechoka kukuchukia, na sina mwingine wa kumwandikia.

Tarehe 18 nilikwenda nikiwa na bahasha ya sultani ndani ya gauni. Kiberiti kilikuwa kwenye mkoba, nakuambia ukweli wote kama ulivyoniambia wako. Watu walikuwa wengi chini ya rakuba, kile kibanda cha wazi cha mikutano, hata wale wa Sherikat waliokuja na msumeno walikuja kusikia. Lilly alikuwa amekaa peke yake kwenye mkeka, hakuna ndugu, hakuna karatasi, amevaa rinda lilelile. Sultani akaniuliza kama barua ya kaka imefika. Nilishika mkoba wenye kiberiti. Nilikuwa natafuta namna ya kusema hapana, na neno lilikuwepo, lilikuwa mdomoni. Halafu nikafikiria Jumapili itakayofuata. Nitafagia, nitakaa, nitafungua mdomo, na nitamwambia nini yule mama? Nikatoa bahasha.

Karani alisoma. Aliposema mkwaju watu waligeuka kuniangalia, na mimi nikaangalia miguu yangu. Sultani akasema hosh ni ya Lomoro. Lilly hakushangilia. Aliniuliza mbele ya wote, "Nani alikuwa anafagia kwa mama?" Nikasema ni mimi. Akasema, "Mimi naona. Hata jani moja hapana." Basi akalia, na mimi nikalia, na sultani akawaambia watu waende majumbani kwao.

Aliyezikwa pale anaitwa Poni. Miaka kumi na tatu nimemwita mama na kumpa siri zangu zote, na hakulalamika. Lilly ananiomba nimsimulie niliyokuwa nikimwambia. Siwezi. Nilimweleza machache, ya kuchekesha, ya meneja.

Tawi tumelikata. Lilly alitaka kuwaita walewale wa Sherikat wauchukue mti wote wampe pesa ya mbao, maana hana hata kitanda, nikamsomea barua yako ya Machi kutoka mwanzo mpaka mwisho. Alisikiliza kama anasikiliza kanisani. Tulimpata mpandaji mmoja wa mtaa wa Munuki, Lilly na mimi tukashika kamba. Mkato wa chini, mkato wa juu, lilivunjika pale uliposema litavunjika, likashuka taratibu na halikugusa bati. Shingo hakuigusa, nilisimama nikimpigia kelele mpaka akaniuliza kama ni mimi au yeye aliye juu. Nyumba ya Lilly haitavuja mwaka huu.

Amesema nikae, hosh ni kubwa. Nimekaa wiki tatu. Nimehamia chumba cha nyuma. Ananipa chakula kwanza, ananiita dada, na kila nikishika ufagio ananinyang'anya kwa upole na kusema nipumzike. Ni mwema kuliko nilivyokuwa mimi. Jumapili yeye anakaa kule chini ya mti, na mimi nakaa chumbani nikisubiri amalize. Mwisho wa mwezi nahamia Amarat, gesti wana kitanda cha wafanyakazi.

Jana nilikwenda ulikoniambia. Nilipita kwa Lilly mpaka ardhi inapoteremka, kushoto. Upo, kaka. Ni mkubwa kuliko ule mwingine, sijui niliwezaje kuishi mita mia mbili kutoka hapo bila kuuona, lakini kuna ukuta na mabati na nilikuwa nimeshafika nyumbani, ya nini kutafuta.

Mlango ulikuwa wazi. Anakaa hapo mama mmoja anaitwa Kiden na wajukuu watano. Walitoka Yei vita vilipofika kule, wakaambiwa hosh hii haina mtu, na haikuwa na mtu. Hakuna kaburi linaloonekana. Upande wa mashariki wa shina, hatua kama tano, wamejenga jiko. Moto ulikuwa unawaka, sufuria juu yake. Nilisimama nikitazama moto ule mpaka Kiden akadhani nina njaa. Akanipa kiti. Akanipa maji ya mkwaju kwenye kikombe cha plastiki, akaniambia ndiyo wanayouza barabarani na ndiyo yanayowasomesha watoto.

Nilikuwa na maneno yote, kaka. Jina la baba, mwaka, kaburi, wewe na baba na koleo. Sultani ananijua, na barua yako yenye dole iko ofisini kwake, imeandikwa mkwaju. Kesho tu angenisikiliza. Wale watoto walikuwa wananiangalia, mmoja ameshika mfuko wa matunda aliyokuwa anamenya.

Nilikunywa nikamaliza. Kiden aliniuliza kama kuna mtu ninayemtafuta, nikasema hapana, nilikuwa napita tu. Akaniuliza kwetu ni wapi.

Nikamwambia Kitale.

Dada yako,
Teresina